Saruji Haikohoi

Njia panda, chini ya mlima
Jumapili, 3 Machi

Kiroboto, mchumba wangu uliyenikimbia,

Kabla hujasoma mengine, elewa kwanza unamwandikia nani. Katika mlima huu, tangu lami yake ilipokuwa bado inanuka, hakuna chombo chenye magurudumu kilichowahi kunipita. Si lori, si basi, si mkubwa yeyote na msafara wake.

Sawa, trekta lilinipita. Tena lilikuwa linavuta tela la nyasi, na dereva wake alinipungia mkono huku anamenya chungwa. Lakini siku hiyo nilikuwa na homa. Basi, hata homa sikuwa nayo. Tuendelee.

Barua yako nimeletewa na dereva wa lori la maziwa, akaikabidhi imelowa kona moja. Unauliza ufanye nini ili gari langu la zamani, ambalo nasikia sasa ni lako, lipande mlima bila kuzimika, na bila kukumaliza mfukoni. Hukusema kwa nini. Msichana akitaka kasi ghafla, ama kuna mtu anamkimbia ama kuna mtu anamkimbilia. Mimi nadhani umeingia kwenye mashindano ya wale vijana wanaofukuzana mlimani Jumapili. Usinijibu, ukijibu itabidi nikukataze.

Sikiliza. Injini hiyo ina silinda nne na haina tabo. Maana yake hakuna kinachoipulizia hewa. Inavuta pumzi yake yenyewe, kama mimi nikipanda ngazi. Kwa hiyo hatuiongezei nguvu mpya, hiyo ni kazi ya wenye hela. Sisi tunaiondolea vinavyoinyima pumzi na vinavyoibebesha bure.

Fungua kopo la chujio la hewa. Ukilikuta chujio jeusi kama roho ya mwenye nyumba wako, tupa, weka jipya. Halafu angalia pua ya lile kopo: inavuta hewa pale juu ya ekzosi, hewa ya moto. Tafuta kipande cha bomba la maji la plastiki, kivishe pale, kitokeze mbele karibu na taa. Hewa ya baridi inaishibisha injini, hewa ya moto inaidanganya tu. Watu wanauziwa kitu hichohicho kikiwa kimepakwa rangi nyekundu, wanalipa mshahara mzima.

Plagi zitoe uzisugue kwa brashi ya waya. Ikiwa na rangi ya biskuti ni nzima, ikiwa na masizi na mafuta nipe habari, tutalia pamoja. Distributa, ile inayozigawia plagi moto, ilegeze nati, uizungushe kidogo sana kinyume na rota yake ya ndani inavyozunguka, kisha upande na gari mlima. Ukisikia injini inagonga kama mtu anatikisa misumari ndani ya mkebe, umezidisha, rudisha. Inua magurudumu kwa zamu uyazungushe kwa mkono. Lile litakalogoma, breki yake inashika, na wewe unapanda mlima huku gari linajivuta shati.

Sasa uzito, nguvu ya bure iko hapo. Ng'oa kiti cha nyuma. Toa mazulia, toa sanduku la spana, toa tairi la spea na jeki yake. Mashindanoni hakuna anayebeba spea. Ukipata pancha umeshindwa tayari, shuka ukae kando ucheke na wenzako.

Silansa ya kelele usinunue. Kelele haitasukuma gari hata hatua moja.

Ningekupigia simu, ila hii uliyoniletea ina vitufe kama chawa. Na herufi zangu usizicheke, penseli ndiyo nene.

Nisalimie watu wote wa nyumbani isipokuwa Bwana Funguo, yule aliyekuzaa. Mtu anayemnyang'anya baba yake funguo za gari mbele ya wateja, kisa ukuta mmoja niliougusa, tena ukuta wenyewe umejengwa umeingia barabarani, huyo hana salamu kwangu. Sijasema naye tangu siku ile, na wala sina haraka.

Babu yako,
Fundi mstaafu aliyestaafishwa kwa nguvu


Nyumbani
Alhamisi, 7 Machi

Shangazi, shikamoo,

Ninakuandikia kwa sababu kwenye simu baba anasikia kila neno kupitia ukuta huu wa mbao, na haya sitaki ayasikie.

Babu amenijibu. Nimecheka mpaka nikakumbuka kwa nini niliandika, nikanyamaza. Anadhani nataka kushindana na vijana wa Jumapili. Sijamwambia kwamba ni kaka yako ndiye anayelala ndani ya gari hilo. Baba kaniapisha. Anasema, "Yule mzee akijua figo zangu zimekufa, atakuja hapa kunionea huruma, na huruma yake siiwezi. Afadhali aendelee kunitukana."

Mambo ndiyo hayo, shangazi. Kila Jumatatu na Alhamisi lazima afike ng'ambo ya mlima kusafishwa damu. Kwenye basi anatapika, na mgongo haumruhusu kukaa. Kule mashine ni chache. Ukichelewa, zamu yako anapewa mwingine, nawe unarudi na maji yako mwilini. Wiki iliyopita gari lilizimika kwenye kona kali, nikalirudisha kinyumenyume. Tulifika nesi akiwa ameshaanza kumwandaa mgonjwa mwingine. Alituonea huruma, lakini alisema wazi hatarudia.

Sasa ninafanya yote aliyosema babu, neno kwa neno. Kiti cha nyuma nimeng'oa, nimetandika godoro. Spea na jeki nimeviweka chini ya kitanda changu. Bomba la plastiki nimeomba kwa fundi wa mabomba wa jirani, akaniuliza kama nataka gari linywe maji.

Kinachonikera zaidi ni hiki: njia yetu inapita mlangoni kwa babu. Kila tukikaribia njia panda, baba anajifunika shuka mpaka kichwani na kuniambia, "Kanyaga mafuta." Nami nakanyaga.

Usimwambie babu. Ningetamani umwambie, lakini usimwambie.

Mwanao,
Kiroboto


Nyumbani
Jumatatu, 18 Machi

Babu, shikamoo,

Mchumba wako ni mzima. Gari nalo limefufuka. Breki ya gurudumu la nyuma kulia ndiyo ilikuwa inashika, kama ulivyosema, na taimingi ya distributa nimeirekebisha mpaka misumari ikanyamaza. Ile kona kali sasa napanda kwa gia ya pili.

Si mashindano, babu. Nimeanza biashara. Nabeba mifuko ya saruji kuipeleka ng'ambo ya mlima, ndiyo maana nataka nguvu. Kwa hiyo lala usingizi, hakuna kijana wala nini.

Nina maswali mawili tu. La kwanza, nifanye nini ili gari lisirukeruke kwenye yale matuta ya kabla ya mlima? Springi za nyuma zinagonga sana, na mzigo unaumia. La pili, moshi unaingia ndani, hasa tukienda polepole, na huko nyuma hewa inakuwa nzito. Kuna njia ya kuuzuia bila kupunguza nguvu?

Nijibu haraka ukiweza. Dereva wa maziwa nimemwahidi soda akikuletea hii bila kuilowesha.

Mjukuu wako,
Kiroboto


Njia panda
Ijumaa, 22 Machi

Kiroboto,

Nimefanya kazi na saruji. Nimeipakia, nimeipakua, nimeilalia. Sijawahi kuisikia ikilalamika mgongo. Na haikohoi, hata uifukize moshi kutwa nzima. Uongo uliurithi kwangu, lakini ufundi wake hukuurithi.

Halafu kuna jambo jingine. Unadhani kwa sababu sina gari, sina na masikio? Lile gari nalijua likiwa mbali kama mama anavyojua kilio cha mtoto wake. Kila Jumatatu na Alhamisi linapita hapa mlangoni. Kwanza linanyata kwenye matuta kama limebeba mayai, halafu likifika mbele ya gereji yangu linaongezwa mafuta ghafla, vuuu, limekwenda. Nikajiuliza, nimemkosea nini huyu mtoto mpaka ananipita kama kituo cha polisi?

Nimewaza sana na nimepata jibu. Umeokota mwanamume, tena mgonjwa, na unaona haya kunionyesha. Ni mzee? Ana mke? Kama ana mguu mmoja mimi sina neno, almradi asiwe dalali. Mlete nimwone. Sitamcheka akiwa amelala, nitasubiri apone.

Moshi unaingia kwa sababu ekzosi inavuja pale bomba linapoungana chini ya dereva. Tia gasketi mpya, kaza nati, na ule mpira wa mlango wa nyuma uliochakaa ubadilishe. Usifungue kioo cha nyuma peke yake, kinauvuta moshi ndani. Fungua vya mbele. Matuta: magurudumu ya nyuma yapunguze upepo kidogo, yatameza mshtuko. Utapoteza nguvu kiasi, lakini mtu halali juu ya nguvu.

Na sasa sikiliza, hapa sina mzaha. Kama umebeba mtu, rudisha spea na jeki ndani ya gari leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Yale niliyokuandikia yalikuwa ya mashindano. Gari la mashindano limebeba mjinga mmoja mwenye afya, likikwama anatembea. Mgonjwa hatembei. Ningejua, nisingekuambia utoe hata nati.

Jana asubuhi nililisikia likienda. Kurudi sikulisikia. Labda nilisinzia.

Babu yako


Hospitali
Jumamosi, 23 Machi

Babu,

Sijui kama barua yangu ya saruji umeijibu. Kama umeijibu, hii imepishana na yako njiani. Naandika kwenye benchi la nje ya wodi, nisamehe mwandiko.

Si saruji. Ni baba. Ni mwanao. Figo zake zimekufa tangu mwaka jana, na mimi ndiye ninayempeleka ng'ambo kusafishwa damu. Aliniapisha nisikuambie, na kila tukifika mlangoni kwako anajifunika shuka na kuniambia nikanyage mafuta. Leo kiapo nimekivunja, na akija kuniuliza nitamwambia nimekivunja mimi, si wewe uliyenichokonoa.

Alhamisi tulipata pancha juu kidogo ya ile kona. Sikuwa na spea wala jeki. Viko chini ya kitanda changu, nilikoviweka nilipokuwa nakusikiliza. Babu, usijiumize. Ulinishauri kuhusu gari la mashindano kwa sababu mimi ndiye niliyekuacha uamini hivyo.

Nilisimama katikati ya barabara na shuka mkononi napunga. Baba alikuwa anapumua kama mtu anayekunywa maji kwa pua, na bado ananitania: "Mwambie fundi wako gari ni jepesi kweli, hata pumzi limekataa kubeba." Lori la mchanga ndilo lililotuchukua. Tulifika zamu yetu imekwisha, mgonjwa mwingine amelazwa, damu yake iko kwenye mirija. Huwezi kumwambia mtu aliye katika hali hiyo ashuke.

Walimlaza wodini. Mashine aliipata jana jioni, baada ya watu wote. Maji yalikuwa yameshafika mapafuni. Leo ameamka, anaongea, anamsumbua nesi. Daktari ameniita pembeni akaniambia mwili wake hauwezi kukosa zamu nyingine.

Nilimuuliza baba kama anataka nikuandikie chochote kutoka kwake. Akageukia ukutani.

Kiroboto


Njia panda
Jumanne, 26 Machi

Kwako Bwana Funguo,

Mtoto ameniambia. Usimgombeze. Ukimgombeza nitakuja na spana.

Kwa hiyo umekuwa ukipita mlangoni kwangu, umelala sakafuni kwenye gari langu, umejifunika kama ndizi zinazovundikwa, na kumwambia mtoto akanyage mafuta. Na mimi nimekaa hapa nasikiliza silinda ya tatu inagugumia, najisemea huyu mtoto hajui kusafisha plagi. Ningejua kilichokuwa ndani.

Sijui ningefanya nini. Ningetafuta la kukutukana, nadhani, ndilo nililolizoea.

Unakula? Wanakuruhusu chumvi? Nani anakukuna mgongo pale usipofika? Ulipokuwa mdogo ulikuwa hulali mpaka mama yako akukune.

Nina jambo moja la maana. Kiroboto ni hodari, lakini mlima ule mimi naujua kwa makalio. Nipe funguo. Nitakuwa nakuchukua mwenyewe kila Jumatatu na Alhamisi, na hutachelewa zamu hata moja. Tuache habari za ukuta. Ukuta wenyewe umeshakarabatiwa, na mwenye nao ananisalimia.

Mimi,
baba yako


Nyumbani
Jumamosi, 30 Machi

Baba, shikamoo.

Nimerudi nyumbani tangu Jumatano. Nasema, Kiroboto anaandika, mikono yangu imevimba. Anaandika huku ananuna.

Chumvi hawaniruhusu. Mgongo najikuna kwa fito.

Funguo sikupi. Na kwa kuwa umetaja ukuta, nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata huyu anayeandika analisikia leo.

Siku ile nilikuwa nimesimama mbele ya ule ukuta. Nilikuwa nakusubiri, nilikuletea chakula cha mchana. Nilikuona unakuja, nikakupungia mkono. Uliniangalia usoni, baba, ukaendelea kuja. Nilirukia mtaroni. Uliposhuka, ukaanza kuutukana ukuta, kisha ukaniona nimejaa matope ukaniuliza, "Na wewe umetokea wapi?"

Wateja walikuwa wamesimama pale. Ningewaambia nini? Kwamba fundi wao hamwoni mwanawe mchana kweupe? Nani angekuletea gari tena? Nikasema umezeeka, huna adabu barabarani, nikachukua funguo. Niliona bora unichukie mimi kuliko uanze kujiogopa mwenyewe.

Kuja usije. Huu uso wangu wa sasa si wa kuangaliwa. Na gari halibebi. Kiroboto amerudisha spea na jeki, limekuwa zito tena, na ile kona Alhamisi tumeipanda kwa shida.

Mwanao


Njia panda
Jumatano, 3 Aprili

Kiroboto,

Barua ya baba yako nimeisoma mwenyewe, karatasi ikiwa imenigusa pua. Ilichukua asubuhi nzima. Dereva wa maziwa alitaka kunisomea, nikamfukuza.

Halafu nilikwenda kwenye ule ukuta. Nilisimama pale alipokuwa amesimama yeye, nikaegemea, nikatazama barabara. Ni pana. Imenyooka. Hakuna mti, hakuna nguzo, hakuna cha kusingizia. Mwenye ukuta alitoka akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia natafuta nati.

Hapa nilitaka niweke kichekesho. Nimekitafuta, hakuna.

Sasa habari za gari. Spea na jeki visiguswe. Punguza pengine: tangi lisijae, weka petroli ya kwenda na kurudi tu. Mlango wa nyuma una lile bamba la chuma nililolichomelea zamani kuziba kutu, likate, ni zito kama dhambi. Maji ya kunywa yabebe ya chupa moja, mtajaza kule. Kabureta isafishe jeti zake, vile vitundu vya petroli, kwa petroli na pumzi ya mdomo, usichokoe kwa waya. Silinda ya tatu plagi yake inafifia, nimeisikia Jumatatu mlipopita. Mmepita polepole safari hii. Nilikuwa nimesimama nje. Sikujua kama mmeniona, na sikutaka kupunga mkono hewani kama mwehu.

Baba yako anasema gari halibebi. Ni kweli, mimi mwenyewe ningemwambia mteja hivyohivyo. Lakini siku hizi mimi si mzigo wa kutisha, ni suruali na mifupa, na mifupa yenyewe mingine nitaiacha nyumbani. Anasema pia kwamba uso wake si wa kuangaliwa. Mwambie asiwe na wasiwasi kwa hilo, kwa macho yangu haya ana bahati. Nitamwona kama alivyokuwa.

Na wewe kuna deni ninalokudai. Nilipokuwa nakufundisha kuendesha, ulirudi kinyumenyume ukanipanda mguu, na nikamwambia baba yako kwamba nimeangukiwa na giaboksi. Sikukudai hata samahani. Leo nalidai, na si kubwa.

Jumatatu mkifika njia panda, yeye atakuambia ukanyage mafuta. Usikanyage. Simama. Nitapanda nyuma, nikae sakafuni, nimpakatie miguu ili matuta yasimrushe. Usukani sitauomba, na ukinipa nitakurudishia. Mkifika kwenye ile kona, gari likianza kugugumia, nishushe palepale, nitamalizia mlima kwa miguu. Msinisubiri, mtakosa zamu. Nitakuwa nimekaa juu, kando ya barabara, upande wenu wa kurudi.

Nichukueni mkirudi.

Babu yako